Pima Mbili na Shubiri

Simu yangu inasema Shela hadi Kipungani
ni kilomita kumi na kitu.
Mama hajui kilomita.
Kwake ni pima mbili za ukili,
na shubiri juu yake jua likiwa kali.
“Ndia haipimwi kwa maguu,” hunambia.
“Maguu hunena urongo.”

Basi nimetoka alfajiri, maji yakipwa,
miyaa nimeifunga kiunoni kwa kitambaa kibichi,
na vidole vyangu, vilivyozoea mihuri ya ofisi ya ardhi,
vinaanza: juu, chini, juu, kunja.
Kushoto bahari. Kulia mchanga umejilundika
kama mji uliohamwa, ukafunikwa shuka.
Mbele hakuna kitu. Mbele ni mbele tu.

Saa ya kwanza nasuka vizuri.
Ukili unashuka mapajani, unanigusagusa magoti
kama mtoto anayetaka kubebwa.
Kaa wadogo wanachungulia mashimoni, wananitazama,
wanarudi ndani kusimulia.
Napita champali ya mguu wa kushoto.
Nusu saa baadaye, champali nyingine, ya kushoto pia.
Nani huyu, nawaza, anayetembea baharini
kwa mguu mmoja?

Saa ya pili miyaa inakauka.
Chupa ya maji imebaki robo.
Nachovya miyaa baharini, Mungu anisamehe,
na kisigino kinatoa lengelenge.
Hapo ndipo kibao: MALI YA MTU BINAFSI,
na seng’enge iliyoshuka hadi kwenye mwani,
na kijana mwenye rungu
anainuka kutoka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mama, hapa hapapitwi.”
“Mamangu alipita hapa
chuma cha hiyo seng’enge kikiwa bado udongo.”
Anaangalia miguu yangu. Anaangalia mikono.
“Unasuka nini?”
“Njia.”
Hacheki. Anaitwa Chengo, kwao ni upande wa Mambrui,
miezi mitatu hajalipwa, tajiri yuko ng’ambo.
Ananiinulia seng’enge kwa rungu lile lile,
ananijazia chupa kutoka jerikeni lake,
na ninapokunywa anaushika ukili, anausogeza mbele
shubiri moja. Mkono mzito.
Ananirudishia bila neno.

Baada ya Kizingoni sikumbuki mengi.
Jua. Maji yamegeuka, yanapanda,
yananisukuma kwenye mchanga laini
unaomeza hatua nzima na kurudisha nusu.
Nilisuka kama mtu anayegonga mihuri
kwenye makaratasi ya watu asiowajua.
Halafu mikoko, harufu ya tope, kuku,
redio ya mtu ikisoma bei ya saruji.

Mama yuko kwenye jamvi lake.
Macho yalimwacha mwaka juzi, bila kuaga.
Haulizi habari za safari. Ananyosha mkono: “Lete.”
Vidole vinaanza Shela.
“Hapa ulikuwa na furaha.”
Vinakwenda.
“Hapa umetia mai ya munyu. Mvivu wee.”
Vinasimama. Vinarudi nyuma, vinapapasa tena.
“Huyu si wewe. Huyu ni mwanamume,
tena ana ndaa.”
Sijibu. Vidole vinaendelea, vinafika mwisho, vinakunjwa.
“Na huku kote hakuna mtu.
Fumua.”

Usiku, kwa taa ya sola, nafumua:
kuku, tope, mikoko,
maji yanashuka tena, mchanga unanirudishia
hatua zangu zote na zile nusu ulizokuwa umezificha,
Kizingoni inapita kinyumenyume,
kisigino kinapona,
hadi nafika kwenye ule mkono mzito
na seng’enge bado imeinuliwa.

Hapo nakomea.
Mama amelala, au anajifanya.
Miyaa ya kutosha ninayo.
Naitia kwenye bakuli, mara hii kwa maji matamu,
nangoja ilainike.